Bi Karani na Utitiri wa Kope

Alikuwa akisoma magonjwa ya watu kwa sauti. Hakunong'ona wala kuinamia dirisha kama afanyavyo mtu mwenye haya. Alitumia sauti ile ile ambayo angemwitia muuza kahawa kutoka uani. "Wewe wa bawasiri, faili lako hili." "Kisonono, sogea, kuna watu nyuma yako." Mabenchi yalikuwa yamejaa, na mara nyingi waliokaa pale walikuwa jamaa au majirani wa huyo aliyeitwa. Kila mtu alitazama sakafu. Mimi nilikaa hatua mbili kutoka kwake, kwenye kompyuta, na kwa miaka sita nilitazama sakafu pamoja nao.

Tulimwita Bi Karani. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye kibao cha mlangoni, lakini sikumbuki mtu aliyelitumia. Alikuwa mkuu wa rekodi katika hospitali moja ndogo ya Lamu ambayo sitaitaja, maana niliowaacha huko bado wanazihitaji kazi zao. Kazi yake, na baadaye yangu, ilikuwa kugeuza magonjwa kuwa namba. Daktari huandika alichokiona kwa mgonjwa. Sisi huyachukua maneno yake tukayatafutia msimbo katika kitabu cha magonjwa, herufi moja na tarakimu mbili tatu, ili wakubwa huko juu wajue watu wa Lamu wanaumwa nini na wanakufa kwa nini.

Yeye hakukifungua kitabu. Alikuwa nacho kichwani. Ungemwamsha usingizini ukamwuliza mvunjiko wa kifundo cha mguu, angekujibu kisha akakuuliza ni mguu gani.

Na kwa kuwa alikuwa nayo kichwani, misimbo ile ikawa ndiyo lugha yake ya kutukania. Bawabu wetu, mzee aliyesinzia kwenye kiti chake kila baada ya sala ya adhuhuri, alimwita R54, yaani uzee. Daktari wetu, kijana mpole aliyetoka bara, alipenda kuandika kwamba ugonjwa haujabainika, basi akamwita R69, msimbo wa magonjwa yasiyojulikana. "R69 ameingia?" angeuliza asubuhi, naye daktari yuko pale pale mlangoni na mkoba wake.

Mimi nilikuwa Z63. Nilikuja Lamu kutoka Kiunga nikiwa na diploma, mtoto wa miaka mitatu, na talaka ambayo wino wake haujakauka. Siku ya kwanza alinitazama juu mpaka chini, akaniuliza mume wangu anafanya kazi gani. Nikamwambia nimeachika. Akasema, "Z63, nukta tano," akaendelea kuandika. Nilikwenda kuutafuta msimbo ule kitabuni. Ulikuwa wa familia iliyovunjika kwa kutengana au talaka. Toka siku hiyo hakuniita jina langu tena, na wenzangu wote walijua maana yake.

Nisimdhulumu. Sijapata kumwona mtu aliyeijua kazi yake vile, wala aliyeiheshimu vile. Alikuwa mtu wa Mkomani, mtaa wa kale wa Lamu, wa nyumba ya watu wa zamani, na kama angetaka angekaa barazani kwake akapokea kodi za vyumba. Lakini alifika kazini kabla ya mfagizi. Watu walipomletea halua au samaki ili mambo yao yaharakishwe, aliwarudishia mbele ya kila mtu na kuwauliza wanadhani yeye ni nani. Daktari alipoandika kwamba mtu amekufa kwa moyo kusimama, alimrudishia faili. "Kila maiti moyo wake umesimama. Mimi nataka kuyua ni kitu gani kilichousimamisha." Siku moja faili la mvuvi mmoja lilikwenda na kurudi mara tatu, hadi daktari akakaa chini akamwandikia ukweli, kwamba yule mtu alikuwa na kisukari kwa miaka na hakuna aliyempima. Mwezi uliofuata tuliletewa vifaa vya kupimia sukari. Hakuna aliyemshukuru, naye hakungoja shukrani.

Watoto waliozaliwa wakiwa wamekufa aliwafungulia kila mmoja faili lake, ingawa utaratibu haukututaka. Aliyaandika mwenyewe kwa mkono, kwa hati nzuri kuliko ile aliyotumia kwa watu wazima, na hakuturuhusu tuyaguse. Niliwahi kumwuliza kwa nini. "Kwa sababu walikuya duniani," akasema. Nikataka kuongeza neno, akaniambia nirudi kwenye kompyuta yangu.

Sasa nimseme Bi Somoe, kwa sababu yeye ndiye ninayemkumbuka kila ninapomkumbuka Bi Karani.

Bi Somoe alikuwa mwanamke wa Mbwajumali, kisiwani Pate, mshona kofia. Alishona kwa uzi wa hariri zile kofia za mkono zenye matundu madogo kama vichwa vya sindano, ambazo moja huchukua miezi. Macho yake yalimwasha kwa miaka mitatu. Yalikuwa mekundu pembezoni, kope zimevimba, na asubuhi alizikuta zimegandana hata azifungue kwa maji ya moto. Kila alipovuka kuja kwetu, daktari alimwangalia jicho, akaandika macho mekundu au mzio, akampa dawa ya matone. Akarudi. Akapewa matone mengine.

Aliyeutambua ugonjwa wake hakuwa daktari. Alikuwa Bi Karani, na hata hakuwa amemtazama mgonjwa. Alikuwa amelitazama faili.

"Mara saba," akasema, akilipiga faili kwa rula. "Mtu huyu ameandikwa mato mekundu mara saba. Hakuna mato yawayo mekundu mara saba." Akainuka, akaingia chumba cha daktari bila kubisha, mgonjwa mwingine akiwa kitandani amefunuliwa tumbo. "R69, mwangalie kope. Umekuwa ukiangalia jicho miaka mitatu. Tatizo liko kwenye kope."

Daktari aliona haya, lakini alifanya alivyoambiwa. Alimketisha Bi Somoe dirishani penye mwanga, akaona maganda yaliyozizunguka kope kwenye mashina yake, kama pete za mba. Aling'oa kope mbili tatu, akaziweka chini ya hadubini. Bi Karani aliniita nami nikaangalia. Nikaona wadudu warefu, weupe, wenye vijiguu vifupi upande wa mbele tu, wamejishika kwenye shina la ukope kama watu walioning'inia kwenye kamba.

"Ni utitiri," daktari akamwambia Bi Somoe.

"Wa kuku?" Bi Somoe akauliza, akajifunika uso kwa ukaya. "Mimi sifugi kuku, mwanangu."

"Si wa kuku, mama. Huu ni wa binadamu. Karibu sote tunao, hasa tukishakuwa watu wazima. Kwako umezidi tu."

Alimwandikia dawa ya kuoshea kope asubuhi na jioni, na kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Bi Somoe aliondoka akitabasamu, mkono wake ukiwa begani kwangu. Alisema atamshonea mwanangu kofia ya Idi.

Misimbo ya ugonjwa ule ni miwili. Kuvimba kwa kope kuna namba yake, H01.0. Mdudu aliyeleta uvimbe ana namba nyingine, B88.0, ambayo ni ya utitiri wa namna mbalimbali. Lazima ziandikwe zote mbili. Siku ile mwanangu alikuwa na homa, dada aliyekuwa akimlea alinipigia simu mara kwa mara, na mimi nilitaka niondoke. Niliandika namba ya kwanza sawasawa. Ya pili nilitafuta neno utitiri kwenye kompyuta, ikaniletea orodha, nikabonyeza mstari wa juu. B86.

B86 ni upele. Upele nao huletwa na utitiri, lakini ni utitiri mwingine kabisa, ule unaochimba ngozi na kuambukiza nyumba nzima.

Kila alasiri nilimchapishia Bi Karani orodha ya siku, naye aliipitia mstari kwa mstari na kalamu nyekundu. Siku ile aliipitia, akanirudishia. Haikuwa na alama hata moja. Nilikwenda nyumbani nimefurahi, nikidhani hatimaye nimekuwa karani.

Wakati ule watu wa afya walikuwa wakiufuatilia upele kisiwani Pate, kwa sababu watoto wa shule walikuwa wakijikuna. Kila jina lenye B86 lilipelekwa kwao. Afisa wao alikwenda Mbwajumali, akaulizia nyumba ya Bi Somoe njia nzima. Hakuwa mtu mbaya. Alisimama mlangoni pake na karatasi mkononi, akasema mbele ya majirani kwamba mama huyu ana upele, kwamba nguo za nyumba zichemshwe, magodoro yaanikwe, na kisichoweza kuchemshwa kiteketezwe.

Kofia za hariri hazichemshwi. Bi Somoe alikuwa na tisa ndani, tatu zimekwisha, sita ziko njiani. Moja ilikuwa ya bwana harusi, na alikuwa nayo mkononi kwa miezi minane. Alizitia moto mwenyewe uani kwake, dada yake akimtazama. Kisha dada yake aliyekuwa akiishi naye akawachukua wanawe, akahamia kwa wakwe. Wanawake waliokuwa wakikaa kushona pamoja naye wakahamisha majamvi yao. Mnunuzi wake wa Mkomani akamrudishia kofia alizokuwa nazo dukani, zimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, fundo juu ya fundo.

Haya yote niliyajua baadaye. Siku ile aliyotokea dirishani sikuwa na habari. Macho yake yalikuwa yameanza kupona, na hilo ndilo nililoliona kwanza, nikafurahi.

"Mwanangu," akaniambia polepole, "mimi nina upele?"

"La, Bi Somoe. Nani amesema?"

"Wamesema ni hapa kwenu. Wameniambia ipo karatasi."

Nikafungua rekodi yake. Nikaiona B86, na pembeni yake jina langu mimi niliyeandika. Bi Karani alikuwa amekwisha kusimama nyuma yangu.

"Mwambie," akasema, kwa sauti yake ile ya kusikika hadi benchi la mwisho. "Mwambie ni wewe uliyeandika."

Watu wote walikuwa wakitusikia. Nikamwambia. Nilimwambia kwamba hana upele, hakuwahi kuwa nao, nimekosea namba. Bi Somoe hakupiga kelele. "Namba," akasema. Halafu akaniuliza kama mwanangu alipona homa, maana siku ile ya mwisho alinisikia kwenye simu. Nikasema amepona. Akasema alhamdulillahi, akageuka akaenda zake.

Bi Karani alisahihisha rekodi kwa dakika moja. Akabonyeza, akaondoa miwani. "Imekwisha."

"Bi Karani," nikasema, "hukuiona kwenye orodha?"

"Niliiona siku ile ile."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Uliiona?"

"Kwani mimi kipofu? Niliiona kabla karatasi haijapoa."

"Mbona hukunambia?"

"Ningekwambia, ungesema samahani Bi Karani, na kesho ungefanya tena. Mwaka mzima nakwambia, nawe unabonyeza mstari wa juu. Sasa hutabonyeza tena." Akavaa miwani yake. "Z63, faili la nambari mia moja na nne liko wapi?"

Mimi nikalitafuta lile faili, nikampa. Hilo ndilo linalonichoma zaidi ya yote. Nilikuwa na mtoto, nyumba ya kupanga na kazi ambayo watu kumi walikuwa wakiingoja nyuma yangu. Nikampa faili lake.

Nilimwomba daktari aandike barua kwamba Bi Somoe hakuwahi kuwa na upele. Akaandika, akatia muhuri, nami nikavuka nayo mwenyewe hadi Mbwajumali. Iliposomwa msikitini watu walisikiliza kwa adabu. Lakini walioona moto uani kwake walikuwa wameuona. Hakuna aliyerudisha jamvi.

Na ni kweli sikubonyeza tena mstari wa juu. Nilikaa na Bi Karani miaka minne mingine baada ya hapo, nikawa karani mzuri kuliko wote waliopita mikononi mwake. Alisema hivyo mwenyewe kwa wakubwa walipokuja kukagua, nami nikiwa nimesimama pale. Niliona fahari. Jioni yake nilikwenda nyumbani nikajitapisha.

Alistaafu bila sherehe. Alikataa keki, akakataa saa ya ukutani tuliyomnunulia, akasema nyumba yake ina saa. Nikakaa kwenye kiti chake. Nilianza kuwaita wagonjwa kwa majina, kwa sauti ya chini, na kwa muda mrefu hawakunisikia vizuri, wakakaza masikio.

Kisha, baada ya miaka miwili hivi, Bi Karani akaja dirishani. Alikuwa amekonda, lakini amesimama wima vile vile. Alikuwa anakwenda kuhiji, na kama ilivyo desturi ya anayekwenda, alikuwa akizunguka kuwaomba watu radhi. Alimwomba bawabu, naye akalia. Alimwomba daktari. Alipofika kwangu alisema maneno yale yale: kama nilikukosea kwa kujua au kwa kutojua, nisamehe. Aliyasema kama anayesoma orodha.

Nikamwuliza, "Na Bi Somoe?"

Nilitegemea anikaripie. Badala yake akaniuliza, "Boti ya Kizingitini yaondoka saa ngapi kesho?"

Tulikwenda wawili. Toka Kizingitini tulichukua pikipiki hadi Mbwajumali, yeye kwenye yake na mimi kwenye yangu, buibui lake amelifunga magotini kwa kamba. Tulimkuta Bi Somoe anatoka shambani na kapu la simsim. Alikuwa ameacha kushona. Alitukaribisha ukumbini, akatuletea chai, akakaa mbele yetu mikono mapajani. Macho yake yalikuwa meupe, safi, kama ya msichana.

"Nimekuya kukutaka radhi," Bi Karani akasema. "Naenda kuhiji."

"Radhi ya kitu gani?"

"Wayua."

"Mimi siyui. Nambia."

Bi Karani aliweka kikombe chini. Nilimwona akitafuta pa kuweka mikono yake. "Msimbo wako uliandikwa vibaya. Niliuona siku ile ile. Nikauwata vile vile."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kumfunda huyu."

Bi Somoe aligeuza macho yake yale mazima akanitazama, kisha akamrudia. "Ulikuwa na mtu wa kumfunda," akasema, "ukanifanya mimi ndio ubao wako wa kuandikia."

Mimi nilianza kulia, nikasema mkosa ni mimi, mimi ndiye niliyeandika. Bi Somoe akanikatiza.

"Wewe ulikosea. Watu hukosea. Wewe nilikusamehe siku ile ile dirishani, kabla sijafika kwenye boti." Akamgeukia tena mwenzangu. "Hija yako Mungu aikubali, hilo si langu. Mato haya ni wewe uliyeyaponya, nami nimekushukuru kila siku niyaoshapo. Lakini radhi sikupi. Kunywa chai yako."

Bi Karani aliinywa ile chai yote, hadi majani ya chini. Alishukuru. Bi Somoe alitusindikiza hadi penye pikipiki na kutuombea safari njema.

Kwenye boti ya kurudi alikaa mbele, mgongo kwangu, mkoba umebanwa mapajani. Jua lilikuwa kali la mchana na abiria walikuwa wengi, kuku na magunia kila mahali. Mimi nilikuwa na hasira ya miaka, na sasa kwa kuwa nilikuwa nimesamehewa, nikaona ninayo haki ya kuitoa. Nikainama sikioni pake.

"Mwezi mzima, Bi Karani. Ulimwata yule mama na jina la upele mwezi mzima."

Hakugeuka.

"Si mwezi," akasema. "Ni siku ishirini na tatu. Toka ulipoandika hadi alipokuya dirishani. Siku ishirini na tatu."

Mimi, kwa miaka yote ile, sikuwahi kuzihesabu.